Picha Kichwa Chini

Mhariri wa picha, ambaye chumba kizima cha habari humwita Mkasi, aliigeuza picha kichwa chini. Ndivyo anavyozipima zote. Ukiigeuza, sura za wakubwa hazikubabaishi. Jicho linakwenda lenyewe penye uzito.

Asubuhi hiyo meya alikuwa amezindua bomba la maji. Lakini jicho la Mkasi lilimpita meya na bomba lake, likatua kwenye kona.

"Hiyo kona ikate tu," mpiga picha alisema. "Ni bibi mmoja kapanda ukuta. Na bosi anamtaka meya ukurasa wa kwanza."

Mkasi aliirudisha picha ikakaa sawa, akainama hadi pua ikakaribia kuigusa. Bibi alikuwa juu ya ukuta, kiatu kimoja mkononi, mguu mmoja hewani, mdomo wazi kwa vigelegele. Kilemba cha njano kichwani mwake, Mkasi alikinunua mwenyewe.

Akachukua simu.

"Shikamoo mama. Goti vipi leo?"

"Marahaba mwanangu. Acha tu! Tangu asubuhi sijainuka kitandani. Na vyombo vya jana vipo, vinakungoja wewe."

"Pole sana, mama. Usijisumbue, nitakuja kuviosha."

"Mungu akubariki. Uje na dawa ya kuchua."

"Nitakuja nayo. Na gazeti la kesho pia."

Akaweka simu chini, akamsogezea mpiga picha ile picha, midomo ikimcheza kwa kicheko.

"Mkate meya," alisema.