Mkesha wa Kuombea Mtihani

Nilisimama ubaoni katika darasa letu la watu wazima, na hesabu za sehemu nilizowaelekeza wenzangu juzi zikawa zimenitoka zote kichwani. Nilibana chaki mpaka ikakatika.

"Mama, umelala lini?" mwalimu aliuliza.

"Tunakesha kanisani wiki nzima, mwalimu. Tunauombea mtihani wangu wa kesho."

"Unachosoma kinashika ukilala. Usipolala, kesho hukikuti. Na ukifeli tena, hawakuruhusu kuufanya mara ya tatu."

"Amina," akaitikia mwenzetu mmoja, fundi viatu, kutoka nyuma. Darasa zima likacheka.

Nyumbani nilimkuta dada yangu, kiongozi wa maombi, amesimama mlangoni na kitambaa kichwani.

"Twende, mdogo wangu. Watu wamejaa, wote kwa ajili yako."

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka.

"Mwaka jana tulikesha hivi hivi, dada. Nikasinzia juu ya karatasi ya mtihani."

"Kwa hiyo unamkatalia Mungu?"

"Nakukatalia wewe. Usingizi kauumba yeye."

Nikafunga mlango. Alipoanza kuugonga, nilikuwa nimeshapiga magoti kando ya kitanda. Niliomba sentensi moja tu, nikazima taa, nikajifunika shuka gubigubi.