Mlango wa Mita Moja na Nusu

Rafiki yangu Atupele, niliyekuwa nikipanda naye treni ya chuo kutoka kitongoji chetu cha Doonside, alifariki Jumatatu. Alhamisi, darasani, mtu alikuwa ameshaweka begi kwenye kiti chake.

Tulivaa ile miwani mizito ya kompyuta, tukaingia kwenye nyumba tuliyokuwa tukiibuni sisi wanne, pamoja na Atupele, ndani ya kompyuta. Kila kipande kilionyesha jina la aliyekigusa mwisho. Mlango wa sebule ulionyesha Atupele. Aliupa upana wa mita moja na nusu, kwa sababu, alisema, nyumba isiyoweza kumtoa mwenyewe akiwa ndani ya jeneza haijaisha kujengwa.

"Huu ni mlango wa nyumba ama wa godauni ya viwandani kule Wetherill Park?" alisema Mkenya wa kundi letu. Mkono wake wa kompyuta, wa kijivu usio na kucha, ulikuwa tayari kwenye fremu. "Tupunguze, kabati iingie."

"Usiuguse."

"Pole, dadangu, lakini marehemu hataishi humu. Hata sisi hatutaishi. Tunatafuta maksi tu."

Akavuta. Mlango ukabana hadi sentimita themanini. Jina la Atupele likafutika, likatokea la kwake.

Nilishika ukuta nikaufuta. Nikafuta paa, jiko na hilo kabati lake.

"Wee! Umerogwa?"

Nilifuta hadi sakafu, mpaka tukabaki tumesimama juu ya weupe mtupu.

Mkenya amehamia kundi jingine; sasa tumebaki wawili, mimi na mwenzetu wa nne, na kazi inatakiwa kesho saa tatu asubuhi.