Alama Moja ya Kuuliza

"Hii alama ya kuuliza ya nini hapa katikati? Inachafua kazi," bosi Shekue alisema, akaifuta kwenye mistari ya programu iliyokuwa mbele yake. Jina la Zamda, mwandishi wa programu ile, alikuwa ameshalifuta jana.

Zamda alifungua mdomo amwonye, kisha akaufunga. Programu ilichomoa vichwa vya habari kwenye kurasa za tovuti, na kialama kile ndicho kilichoiambia ikome kila kichwa kinapoisha. Bila hicho, ingeanzia kichwa cha kwanza na kumeza kila kitu mpaka cha mwisho.

Wageni waliokuja kuonyeshwa programu hiyo wakaketi.

"Nimeiandika mwenyewe," Shekue aliwaambia. "Kila alama iliyomo humu ni yangu."

Akabonyeza. Kwenye skrini ya ukutani ukamwagika ukurasa mzima: habari, matangazo ya sabuni, tanzia, vyote donge moja. Mgeni mmoja akakohoa.

"Zamda, hebu njoo urekebishe," Shekue alinong'ona, jasho likimtoka.

"Mimi tena, bosi?" Sauti yake ilifika mpaka mlangoni. "Si umesema kila alama ni yako?"

Zamda akaegemea kiti. Kwenye kompyuta yake mwenyewe, kidole chake kililala juu ya kitufe cha alama ya kuuliza, bila kukibonyeza.