Daftari la Darajani

Kila mwisho wa mwaka Sikudhani, karani wa forodha, alikutana katikati ya daraja na Lubuva, karani wa nchi jirani, walinganishe madaftari yao. Bidhaa zilizotoka upande mmoja lazima zionekane zimeingia upande wa pili.

Zamani, karatasi zilizotoka kwa Sikudhani zilijaza kurasa nzima. Mwaka huu yalikuwa yametoka magogo ya misonobari tu.

“Kiwanda chenu cha karatasi bado kimefungwa, dada?” Lubuva aliuliza.

“Bado.”

Lubuva akampa daftari jipya. “Lako limeisha. Hili limetengenezwa kwetu.”

Ilikuwa zawadi, lakini sheria ni sheria. Sikudhani alifungua ukurasa wa kwanza, akaandika: Karatasi zilizoingia, daftari moja. Akainama aupulize wino ukauke, na harufu ya misonobari ya milimani kwao ikamjaa puani.