Sahihi ya Gavana

Kitambaa kilikuwa kifupi. Walikivuta kushoto, wakakivuta kulia, lakini herufi mbili za mwisho za jina la kliniki zilibaki zikichungulia. Mpiga picha akasema si kitu, atazikata baadaye. Kitambaa kiliandikwa HOSPITALI YETU YA KAUNTI IMEKAMILIKA. Lango lilikuwa la kliniki ya binafsi Randburg, Johannesburg, na kaunti yenyewe ilikuwa magharibi mwa Kenya, safari ya saa nne kwa ndege hadi Nairobi tu.

Bramwel, mlinzi wa lango hilo kwa mwaka wa sita, alitazama tu. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini baada ya likizo ya wiki mbili, na hakutaka kuianza kwa ugomvi. Isitoshe, kaunti ile ndiyo kwao. Huko alikuwa amemwacha mama yake pamoja na ahadi ya gavana: mashine za kusafisha figo, karibu na nyumbani. Ahadi ilikuwa imetimiza miaka mitano, nao uchaguzi ulikuwa mwezi ujao. Gavana alikuwa akiomba muhula wa pili.

"Wewe ni Mkenya? Safi sana," alisema Jelimo, msichana wa kampeni. "Mheshimiwa akipita, piga saluti. Na tafadhali, usiseme 'eish' kama watu wa huku kamera ikiwa imewashwa."

Gavana akatokea mlango wa ndani. Suti ilimpwaya, na miguuni alivaa ndara.

"Hataki kuchafua sakafu ya wagonjwa," Jelimo alieleza kabla hajaulizwa.

Walirudia mara saba. Kila mara Jelimo alimshushia mkono wa kushoto wa koti, ufunike kiganja, na kila mara gavana aliomba kiti kabla ya kuanza upya. Maneno alikuwa ameyakariri barabara. "Wananchi wangu, hii si hospitali ya mchezo. Mimi mwenyewe nikiugua, nitalazwa hapa hapa."

Bramwel akapiga saluti. Alijichukia, lakini mkono ulikuwa umeshapanda.

Saa nane mchana mama yake akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Bramwel hakuwa ameisikia tangu miguu ianze kumvimba.

"Umeona video? Watu walikuwa wakisema gavana ametoroka, wiki nzima haonekani mikutanoni. Kumbe alikuwa anatumalizia hospitali! Sasa Alhamisi siendi tena Kisumu. Nitangoja hii ifunguliwe."

Bramwel alisimama. Daktari wa Kisumu alikuwa amesema mama aanze mashine Alhamisi, na asicheleweshe hata wiki moja.

"Mama, hiyo hospitali iko huku Joburg. Hilo ni lango langu."

"Majengo hufanana, mwanangu. Hata askari wao anafanana na wewe kidogo."

"Ni mimi, Mama!"

"Yule ni mnene."

Bramwel aliutazama mkanda wake, akaliacha hilo lipite. "Mama, nakuomba. Gavana anadanganya."

"Basi nionyeshe maandishi."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho katika kila jambo. Mama yake alikuwa karani wa kaunti mpaka alipostaafu, na karani haamini mdomo, anaamini karatasi. Sahihi ya gavana aliijua kuliko yake mwenyewe. Ilikuwa sebuleni ukutani, ndani ya fremu, kwenye cheti cha kustaafu.

Bramwel nusura acheke. Maandishi anayo! Juu ya kila ukurasa wa daftari la wageni limechapwa jina la kliniki na neno Randburg. Chini yake kuna tarehe, saa, jina na sahihi. Ukiacha ambulensi, ambazo zina lango lao la nyuma, hakuna mgeni aliyewahi kumpita Bramwel bila kusaini. Mwaka jana alimshusha askofu garini. Atapiga picha ukurasa wa leo, amtumie mama, na Alhamisi mama atapanda gari la Kisumu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa inaishia mezani pake.

Akafungua daftari. Jelimo, saa tatu na dakika kumi. Mpiga picha. Dereva. Mtu wa kitambaa.

Gavana hakuwemo.

Akafunua ukurasa wa jana, kisha wa juzi, kana kwamba mtu anaweza kusaini kabla hajafika. Hakuna. Miaka sita hajakosea, na siku aliyokosea ndiyo hii. Kampuni ilikuwa haina msamaha kwa mlinzi anayepitisha mtu bila sahihi. Hilo lilimtisha. Lakini lililomuuma ni mama, kwamba Alhamisi atabaki nyumbani akingoja hospitali ya kitambaa.

Akalibeba daftari kwa mikono miwili mpaka mapokezi, kwa Marthe. Huyu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa haki, na kama mtu lazima aungame, heri aungame kwake.

"Dada Marthe, nimekosa. Kuna mgeni amenipita langoni hajasaini. Yule mzee wa suti, aliyekuwa anapigwa picha. Naomba umwite asaini, hata sasa. Ni kwa ajili ya mama yangu."

Marthe alikuwa anabandika majina kwenye trei za chakula cha jioni kisicho na chumvi. Hakuinua kichwa.

"Ule si mugeni, Bramwel. Ule ni wa chumba kumi na mbili, iko na siku tisa hapa. Bagonjwa habasaini mu daftari ya bageni. Na umuache apumuzike, saa kumi anarudia ku mashine ya figo."