Fisi Maji na Yungiyungi la Mama

Kila asubuhi Dorca alisugua sufuria kwa mchanga ufukweni Asembo Bay. Leo mkono wake ulisimama. Baba yake alikuwa akiburuta wavu hadi nchi kavu, na ndani yake fisi maji alihema, nyuzi zimemkaba shingo.

"Mwizi wangu ndiye huyu!" alisema baba, akiokota kasia. "Nyavu zangu zote amezitoboa."

Dorca alitazama koo la mnyama, lenye mabaka meupe kama maziwa yaliyomwagika. Hakuwa amemwona fisi maji mwingine kwa miaka mingi, tangu akiwa darasa la tano.

Nyumbani, karibu na mlango, kulikuwa na karai lenye yungiyungi. Gugu maji lilipofunika ghuba yote, baba mwenyewe aliingia majini hadi kifuani kuokoa shina la mwisho, kwa kuwa marehemu mama alipenda ua lile. Mpaka leo hulibadilishia maji kila jioni.

"Baba," alisema Dorca. "Yungiyungi lako..."

"Linahusu nini hapa? Ua haliibi samaki, nyathina, mwanangu."

"Ndiyo, Baba."

Ndiyo hiyo alikuwa ameisema maisha yake yote. Baba akacheka, akainua kasia. Fisi maji akafumba macho.

Dorca aliweka sufuria chini, akapiga magoti juu ya wavu, katikati ya kasia na mnyama.

"Ua ni rahisi kulihurumia kwa sababu halina meno," alisema. "Huyu naye amebaki peke yake ghubani, kama shina lile uliloliokoa. Mwachilie, Baba."