Tandiko Begani

Katika kiwanja kile cha mbio za farasi nje ya mji, mshindi hupimwa uzito pamoja na tandiko lake, na ukipungua ule wa kabla ya mbio hunyang'anywa ushindi; tena haruhusiwi kusaidiwa kulibeba. Siku hiyo Riziki alishinda kwa mara ya kwanza, lakini alipokwisha kuvuka mstari farasi alijikwaa, akamwangusha, na mkono wake wa kushoto ukavunjika.

Alipokuwa akilifungua tandiko, kaka yake, Mwanzele, aliruka ua. "Lete nikubebee!"

"Usiguse, kaka. Ukiligusa tu, ushindi umekwenda."

"Mbebee, bwana, usimtese dada yako!" walipiga kelele mashabiki wa farasi aliyeshika nafasi ya pili.

Riziki alicheka. Alilitupa tandiko begani kwa mkono mzima, akatembea taratibu, akapanda mizani. Mshale ulipanda, ukarudi kidogo, ukatetemeka ukitafuta pa kutulia.